Hesabu ya Wafu Si Jina la Marehemu

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii husomwa kama onyo kwa mfanya biashara mzembe, na aghalabu huachwa hapo. Walakini iko mali moja ambayo daftari lake liliandikwa kwa uangalifu mkubwa, ukurasa baada ya ukurasa, na juu ya hayo ikapotea bila habari. Mali hiyo ni mtu. Ni Mwafrika aliyetoka kijijini kwake kwenda kuchimba dhahabu na makaa ya mawe katika migodi ya Afrika ya Kusini, akafa chini ya ardhi, na ambaye mjukuu wake leo hajui alikufa siku gani, katika shimo lipi, wala amelala wapi.

Mjukuu huyo akithubutu kuuliza, hujibiwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza humwambia kuwa Waafrika hawakuwa watu wa kuandika, kwa hiyo asitazamie kuona maandishi. Wa pili humwambia kuwa yaliyopita si ndwele, agange yajayo. Majibu yote mawili ni maovu, maana la kwanza ni uongo na la pili ni uvivu uliovaa nguo ya hekima. Maandishi yalikuwako, tena mengi. Kilichokosekana ni nia ya kumwandika mtu kama mtu. Na lililo baya zaidi ni kwamba upungufu huo haukuzikwa pamoja na wenye migodi wa zamani. Wako wanazuoni wa leo wanaoulea bila ya kujua.

Habari ya safari yenyewe yajulikana. Shirika la kuandikisha vibarua wa migodi ya Witwatersrand, ambalo watu wa Nyasaland na wa nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika walilizoea kwa jina la Wenela, liliundwa mwaka 1900. Mwaka 1913 serikali ya Afrika ya Kusini ilikataza kuandikisha watu kutoka nchi zilizo kaskazini ya digrii 22 za latitudo ya kusini, kwa sababu watu hao walikuwa wakifa wengi mno kwa kichomi. Katazo hilo lililegezwa katika miaka ya 1930, dhahabu ilipopanda bei na mikono ikapungua. Kutoka hapo vijana wengi wa Rungwe na wilaya jirani walishika njia ya kusini, baadhi yao wakivuka mto Songwe kwa miguu ili wakaandikishwe upande wa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Serikali ya Tanganyika huru ilipokomesha uandikishaji huo katika miaka ya kwanza ya uhuru, wengi walirudi. Wako ambao hawakurudi.

Sasa na litazamwe daftari. Kijana alipofika mbele ya karani aliulizwa jina lake, jina la baba yake, kijiji chake, jumbe wake na wilaya yake. Alipimwa na daktari. Alichukuliwa alama za vidole. Alipewa namba, na namba hiyo ilimfuata kama kivuli: kwenye mkataba, kwenye kitanda cha kambi, kwenye zamu ya kushuka shimoni. Sehemu ya mshahara wake iliwekwa akiba hata atakaporudi kwao. Aliyekopa nguo au nauli, deni lake liliandikwa. Mtu huyu hakupungukiwa na karatasi. Hakuna mwanakijiji mwenzake aliyebaki nyumbani akilima mpunga na ndizi aliyeandikwa nusu ya hayo.

Kwa nini basi akapotea? Alipotea kwa sababu daftari lile liliandikwa ili kujibu maswali ya mwenye mgodi, na mwenye mgodi alikuwa na maswali machache tu. Je, huyu anafaa kwa kazi? Amefanya zamu ngapi? Anadaiwa kiasi gani? Arudishwe wapi mkataba ukiisha? Swali la nani atamlilia halikuwa na safu katika ukurasa. Mtu alipokufa, mstari wake ulifungwa kama ufungwavyo mstari wa mali iliyoharibika, na namba ikaondolewa katika hesabu ya walio kazini.

Jina nalo liliteswa kabla ya mwenye jina kufa. Majina mengi ya ukoo ya Rungwe huanza na Mwa-, kisha hufuata jina la babu. Karani asiyejua lugha hiyo aweza kuikata Mwa- hiyo, aweza kuigeuza l kuwa r, aweza kulitia jina la baba mahali pa jina la mwana. Vijana wengine walijibandika majina ya kazini, kama Jim au Sixpence, ili wasisumbuliwe na msimamizi aliyechoka kuuliza. Aliyepita Nyasaland aweza kuonekana katika karatasi kuwa ni Mnyasa, maana Wanyakyusa na Wangonde ni ndugu, na mto tu ndio uliowatenga. Hivyo mtu mmoja aliweza kuwa na majina matatu na nchi mbili, na baada ya kufa asipatikane kwa jina lo lote wala katika nchi yo yote.

Wako watakaosema kuwa hayo ni mambo ya zamani, kwamba wakati ule hata wachimbaji wa Ulaya walikufa kama inzi. Kufa walikufa; kuandikwa waliandikwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1850 iliwalazimisha wenye migodi ya makaa ya mawe kumpelekea waziri habari ya kila ajali iliyoua. Tarehe 16 Januari 1862 boriti ya mtambo wa kuvutia maji katika mgodi wa Hartley ilivunjika ikaangukia ndani ya shimo moja lililokuwa ndilo njia pekee ya kutokea. Watu wazima na watoto 204 walikufa. Leo kitukuu wa mmoja wao akitaka habari zake, huziona: jina, umri, kazi aliyoifanya, na jamaa aliokufa nao. Jumba la kumbukumbu la wachimbaji la Durham limezikusanya orodha za ajali kama hiyo kwa maelfu, na wachimbaji hao hawakuwa makabaila. Walikuwa maskini, na wengi wao hawakujua hata kutia sahihi.

Haki inataka isemwe pia kwamba jina peke yake halikuwaletea Waingereza hao insafu. Mgodi wa Senghenydd katika nchi ya Wales ulilipuka tarehe 14 Oktoba 1913, wakafa wachimbaji 439 na mwokozi mmoja. Majina yao yote yajulikana. Na meneja wa mgodi alitozwa faini ya paundi 24, na kampuni paundi 10. Watu wa Wales walichukua kalamu wakagawa fedha zile kwa idadi ya maiti, wakaona kuwa roho moja haikufika hata shilingi mbili. Lakini uchungu wa hesabu ile ulitoka wapi? Ulitoka katika kujua wale mia nne na zaidi ni akina nani. Watu walimjua aliyekuwa mwana wa fulani, na mume wa fulani, na mpiga tarumbeta wa kanisa. Jina halikuwapa haki, bali liliwapa mahali pa kusimama wakaidai.

Mwafrika alinyimwa hata mahali hapo. Tarehe 21 Januari 1960, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Coalbrook, nguzo zilizoachwa kushikilia paa la mgodi zilipasuka, mamia kwa mamia, zikafuatana kama mti uangushavyo mti. Watu 435 walifukiwa. Wengi wao walikuwa wametoka Basutoland, ambayo leo ni Lesotho, na Msumbiji. Miili yao haikutolewa hata leo. Shimo lile ndilo kaburi lao. Sheria ya fidia iliyotawala siku zile, ya mwaka 1941, ilipambanua wajane: mjane wa Mzungu alistahili pensheni, na mjane wa Mwafrika alistahili fedha za mkupuo mmoja, zikaliwa zikaisha. Sheria iliona kuwa kifo cha mume wa kwanza kilikuwa msiba wa kudumu, na kifo cha mume wa pili kilikuwa deni la kulipwa na kufungwa.

Wala jambo hili halikukoma mwaka 1960. Tarehe 16 Septemba 1986 moto uliwaka chini ya ardhi katika mgodi wa dhahabu wa Kinross. Moshi wa sumu uliwaua watu 177. Wenye mgodi walitoa taarifa yao ya kwanza kwa ulimwengu. Katika taarifa hiyo Wazungu waliokufa walitajwa kwa majina yao. Waafrika waliokufa walitajwa kwa makabila: Wasotho kadha, Wapondo kadha, Washangaani kadha, na kadhalika. Na isisahauliwe kuwa kila mmoja wa hao alikuwa na namba, na mkataba, na mahali pake pa kulala katika kambi. Majina yao yalikuwa ofisini siku ile ile. Hayakutajwa kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuyataja.

Taarifa ya Kinross yafaa ifundishwe katika kila chuo kikuu cha Afrika, maana inavunja uongo wote kwa pigo moja. Yule asemaye kuwa Mwafrika hana kumbukumbu kwa sababu hakuandikwa, na asome taarifa hiyo. Mtu aweza kuandikwa mara kumi akiwa hai na asitajwe hata mara moja akiisha kufa. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Leon, ambayo ilitoa ripoti yake mwaka 1995, ilieleza kuwa zaidi ya watu 69,000 walikufa kwa ajali katika migodi ya Afrika ya Kusini baina ya mwaka 1900 na 1993. Idadi hiyo ilipatikana kwa kujumlisha. Na hakuna awezaye kujumlisha wafu bila ya kuwako mtu aliyewaandika mmoja mmoja. Kila moja katika hizo 69,000 ilikuwa kwanza ni ripoti ya ajali, ya mtu fulani, siku fulani, katika shimo fulani.

Hapa ndipo lawama inapogeuka kuelekea nyumbani. Mwanachuo wa leo huandika tasnifu juu ya uhamaji wa vibarua, naye hueleza kwa ustadi kuwa nguvukazi ya wilaya fulani ilipungua kwa asilimia kadha, kwamba Wanyakyusa elfu kadha walikwenda kusini, kwamba baadhi yao hawakurejea. Msimamizi wake husoma akaridhika. Mtahini husoma akampongeza. Hakuna aulizaye: hao baadhi ni akina nani? Tasnifu hiyo ina makabila na hesabu, haina mtu. Hiyo ni taarifa ya Kinross iliyovaa joho la chuo kikuu. Mwenye mgodi alihesabu kwa sababu alitafuta faida. Mwanazuoni ahesabupo tu na kukomea hapo, atafuta nini?

Hapana shaka atajibu kuwa elimu ni ya mambo ya jumla, na kwamba kumtafuta babu wa mtu mmoja ni shughuli ya ukoo, si ya chuo. Atasema kuwa hesabu nazo zina kazi, na katika hilo atasema kweli. Katazo la mwaka 1913 lilitoka katika hesabu za vifo. Tume ya Leon isingekuwa na meno bila ya hesabu. Lakini hesabu isiyosimama juu ya majina ni paa lisilo na nguzo. Ni jina lionyeshalo kuwa mtu mmoja alihesabiwa mara mbili na mwingine hakuhesabiwa hata mara moja. Ni jina lionyeshalo kuwa yule aliyeandikwa "katoroka" alikuwa amefukiwa, au kwamba yule aliyeandikwa "kafa kwa maradhi" alirudishwa kwao akiwa hai na mapafu yaliyojaa vumbi, akafia mikononi mwa mkewe. Utafiti wa jamaa mmoja, ukifanywa kwa uaminifu, ni mzani wa kupimia ukweli wa daftari zima.

Mwingine atapinga kwa jina la uzalendo. Atasema kuwa makaratasi hayo ni ya mkoloni na ya kabaila wa dhahabu, yanuka dharau, na kwamba heshima yataka yaachwe yaoze. Huyu anamfanyia mkoloni hisani asiyoombwa. Hakuna ushahidi ulio bora kuliko ule alioutoa mtu dhidi ya nafsi yake. Daftari la mgodi latia doa si kwa aliyeandikwa, bali kwa aliyeandika. Likioza, aliyeandika amepona.

Wa tatu atasema kuwa nchi ina njaa, na wafu hawali. Na aulizwe kama wajane hawali, na kama mayatima hawali. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg ilithibitisha mapatano makubwa baina ya makampuni ya dhahabu na wachimbaji walioharibiwa mapafu kwa vumbi na kifua kikuu, na kwa mapatano hayo ikaundwa amana iitwayo Tshiamiso. Jamaa wa marehemu nao waweza kudai. Lakini mlango wa amana hiyo una tarehe: yahusu kazi iliyofanywa katika migodi iliyotajwa baina ya 12 Machi 1965 na 10 Desemba 2019. Tena mdai yampasa aonyeshe kuwa marehemu wake alifanya kazi humo. Amana hiyo si ya waliokufa kwa kuangukiwa na mwamba, na Watanganyika wa miaka ya 1950 wako nje ya tarehe zake. Hata hivyo funzo lake lawaenea wote: siku haki ijapo, hata ikichelewa miaka hamsini, huja ikiuliza karatasi. Mwenye nayo huingia, na asiye nayo hubaki barazani.

Na njaa si ya tumbo peke yake. Kwa Mwislamu eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi. Itahesabiwa kutoka lini kama siku ya kifo haijulikani? Mirathi itagawanywaje, na nani alitangulia kufa, baba au mwana? Kwa Mkristo, mke atafunga ndoa ya pili kwa cheti gani? Na kwa watu wa Rungwe wa zamani jambo lilikuwa zito zaidi. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwao katika miaka ya 1930 na kutoa kitabu juu ya ibada zao za ukoo mwaka 1957, alieleza kuwa mazishi kwao hayakuwa kazi ya siku moja. Yalikuwa na daraja zake, na kila daraja ilimhamisha marehemu kutoka kwa walio hai hata kuwafikia wazee wake, na ikawaachia huru waliobaki. Mtu asiyejulikana kama amekufa hawezi kupitishwa katika daraja hizo. Nyumba yake hukaa mlangoni miaka yote, si nyumba ya msiba wala si nyumba ya furaha. Anayeliita jambo hilo anasa hajapata kumngoja mtu.

Je, kazi hii yawezekana? Yawezekana, na njia yake si fumbo. Huanza nyumbani, wala haianzi katika jumba la nyaraka. Kwanza yakusanywe majina yote ya marehemu: la kuzaliwa, la ubatizo, la utani, la kazini kama alipata kulitaja. Kisha itafutwe tarehe katika vinywa vya wazee, ambao hawasemi "mwaka 1952" bali husema "mwaka wa nzige", "alipozaliwa fulani", "kabla ya uhuru mvua mbili". Maneno hayo si upungufu wa elimu. Ni kalenda, na kila kalenda yaweza kufasiriwa kwa nyingine. Baada ya hapo vitazamwe vitabu vya kanisa, maana Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891 na makanisa huandika ubatizo na ndoa. Yatazamwe mafaili ya wilaya ya zama za Waingereza katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, hasa yale ya vibarua na ya mali za waliokufa ugenini. Yatazamwe magazeti, Mambo Leo mojawapo, ambalo tangu 1923 lilipokea barua za wasomaji wa kila pembe. Mwisho iulizwe hazina ya maandishi ya Wenela na mrithi wake, Teba, iliyohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Johannesburg. Mjukuu aingiaye humo akiwa na jina moja tu atarudi mikono mitupu. Aingiaye na majina manne, jumbe, kijiji, na mwaka wa karibu, huyo ana bahati ya kuona.

Katika kazi hiyo mwalimu wa Kiswahili hana ruhusa ya kukaa kando akasema kuwa hilo ni shamba la mwana historia. Ni nani ajuaye kuwa jina lililoharibiwa na karani laweza kunyoshwa kwa kanuni za matamshi? Ni nani awezaye kuona kuwa l iliyogeuka r, na irabu iliyomezwa, na kiambishi kilichokatwa, vyaweza kurudishwa mahali pake kama mfupa ulioteguka? Ni nani aliyefunzwa kupima usemi wa mzee, akajua kipi ni pambo na kipi ni habari? Miaka mingi imepita vyuo vikikusanya methali, vitendawili na nyimbo za arusi. Maneno ya wajane wa wachimbaji hayakukusanywa kwa bidii ya namna hiyo, na wajane hao wanakufa. Kila mmoja wao azikwapo, kuna jina la mtu wa pili linalozikwa naye kaburi hilo hilo.

Asiseme mtu kuwa muda umekwisha kupita. Baada ya vita ya kwanza ya dunia wapagazi wa Afrika ya Mashariki, wale ambao mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ilirithi jina la kikosi chao, waliachwa bila ya makaburi yenye majina. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kuwa wafu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kukiri si kutenda, lakini kutenda kumeanza. Mwezi wa Januari 2025 mjini Cape Town ulifunguliwa ukumbusho wa vibarua Waafrika zaidi ya 1,700 waliokufa katika vita hiyo, kila mmoja na mti wake na jina lake. Majina hayo hayakuletwa na malaika. Yalikuwa katika makaratasi ya jeshi miaka mia, yakingoja mtu wa kuyasoma. Kama majina ya mwaka 1916 yamepatikana, majina ya mwaka 1956 yana udhuru gani?

Basi mambo matatu yanapasa kufanywa, na hakuna moja lililo nje ya uwezo. La kwanza, mataifa yaliyopeleka watoto wao migodini, Tanzania ikiwamo, yafanye mapatano na wenye hazina za maandishi ya migodi, ili faharasa ya majina ya raia wao itengenezwe na nakala yake iwekwe katika nyaraka za kila taifa. Mwanakijiji wa Rungwe asilazimike kufunga safari ya Johannesburg ili ajue kama babu yake alikufa. La pili, idara za Kiswahili na za historia zipeleke wanafunzi wao vijijini, wakayaandike majina na habari za wasiorudi, kijiji kwa kijiji, kabla wazee hawajamalizika. La tatu, na hili halihitaji fedha wala mapatano, vyuo viache kupokea tasnifu inayowataja wachimbaji kwa makabila na jumla tu, mahali ambapo majina yao yaweza kupatikana. Mwanafunzi arudishiwe kazi yake aambiwe: umehesabu vema, sasa nenda kawataje.

Litakalotoka katika kazi hiyo halitakuwa jambo la fahari. Litakuwa orodha. Litakuwa jina, na jina la baba, na kijiji, na siku, na shimo, na ugonjwa au mwamba ulioua. Wengine hawataonekana, na nafasi zao zitaachwa wazi, maana kuandika uongo ni kuwaua mara ya pili. Lakini kwa kila mstari utakaojazwa, patakuwa na nyumba moja ambayo itaweza kuketi matanga iliyochelewa kuyaketi miaka sitini au sabini, kisha ikanyanyuka.